Nekesa, Kuhusu Ile Nati ya Troli

Nekesa mtoto wangu,

Mkono unaoandika hapa ni wa Mama Shiru wa mlango wa tatu, lakini mdomo ni wangu. Nimemwita ukiwa umeenda kusukwa, kwa sababu huyo msusi wako hana haraka na mimi leo pia sina. Nimemwambia aandike vile nasema, asinitengenezee maneno. Kila nikimaliza kipande, ananisomea. Si ati simwamini. Tumekaa na yeye hapa Umoja tangu hizi nyumba zikiwa na nafasi mbele, mtu anaanika mahindi na bado watoto wanapita. Lakini hii barua ni ya mambo ya huyo Njuguna wako, na yeye na Njuguna ni watu wa lugha moja, sasa mtu atajuaje? Anacheka. Andika pia umecheka.

Kesho asubuhi unaenda Nakuru na huyo kijana. Umeniuliza kitu kimoja tangu wazee wake waje hapa: kama nimekubali kwa roho, ama nimenyamaza tu. Na mimi nimekuwa nikikujibu na chai. Unauliza, nakuongezea chai. Unauliza tena, naenda kuangalia kama maziwa inamwagika. Leo nitakujibu. Lakini utanivumilia, unajua mama yako hawezi kufika kwa mlango bila kuzunguka nyumba kwanza.

Sitakuambia habari ya kuchemsha maji na kufunga mlango. Kama hujajua mpaka leo, karatasi haitakusaidia.

Wacha nianze na meza.

Zile meza ni mkono wa baba yako. Alizikata ndefu na pana, akasema watu wakikula wamebanana hawaongei, wanameza tu. Kisha akaenda, akaniachia wewe na meza. Sikujua hata nitazifanyia nini. Ni watu wa hapa ndio walianza kuja: Mama Nekesa, tuko na matanga, tusaidie meza. Mama Nekesa, tunaletewa wageni wa mahari. Hivyo ndivyo ulisoma, hivyo ndivyo tulikula, kwa matanga na harusi za wengine.

Wakati huo kutoa meza haikuwa shida. Halafu kila mtu akajenga mbele. Huyu akaongeza chumba cha kupangisha, huyu duka, huyu kinyozi, na njia ikabaki kama koo la kuku. Mkokoteni hauingii. Ukibeba meza kwa upana, inakwama kati ya ukuta wa huyu na dirisha la yule. Ukiisimamisha wima, inazoa nguo za watu kwa kamba, na mtu anakutukana akiwa amejifunga taulo. Kwa hivyo tulikuwa tunazibeba kichwani moja moja mpaka barabarani, na huko mkokoteni unangoja.

Na kwa huo mkokoteni alikuwa Yohana.

Wewe ulikuwa mdogo, unakumbuka tu kwamba alikuwa anakuletea njugu. Mimi nakumbuka salamu yake. Siku ya kwanza alinisalimia na lugha yetu ya nyumbani, akauliza mimi ni wa ukoo gani, akapata kwamba nyanya yake aliolewa kutoka huko huko. Akaniita shangazi. Nikalainika kama mafuta kwa sufuria ya moto. Mtu anaweza kukaa Nairobi miaka mingi sana, na bado ukimsalimia na lugha ya mama yake anafungua mpaka kabati. Nilimuonyesha mahali meza zinakaa. Nikamuonyesha mahali ufunguo unakaa.

Mama Shiru aliniambia. Alisema, huyo mtu wako anauliza maswali mingi kuliko mzigo anabeba. Unajua nilimjibu nini? Nilimwambia ni wivu, kwa sababu si mtu wa kwao. Sasa ameacha kuandika, ananiangalia. Andika, mama, si ni ukweli.

Ilikuwa harusi ya upande wa Donholm. Yohana akapakia meza zile nzuri, jua likiwaka, watu wakimuona, yeye mwenyewe akiimba wimbo wa kanisa. Nilimuangalia mpaka akakata kona. Hiyo kona ndiyo mwisho. Wageni wa harusi walikula wameweka sahani kwa magoti, na bwana harusi akaniambia maneno ambayo hata Mama Shiru sitampa ayaandike. Baada ya hapo nilikuwa naenda matanga ya watu nisiowajua. Nasalimia wafiwa, nakaa, kisha nainua kitambaa cha meza polepole niangalie chini kama ni mkono wa baba yako. Watu walidhani natafuta chakula.

Tangu hiyo siku nikawa vile unanijua. Mafuta ya kupika nachora alama kwa chupa. Sukari nalainisha juu na kijiko, niandike msalaba na kidole. Mtu akinichekea sana, naangalia mikono yake. Umekuwa ukiniambia, mum, wewe unashuku mpaka kivuli yako. Ni kweli. Kivuli kiko na mimi kila siku na bado sijui kinataka nini.

Basi nikasema sitapakia meza kwa mkokoteni wa mtu tena, nitanunua troli yangu. Unakumbuka ile ya kwanza ya soko la Muthurwa? Ile ya kubebea kreti za soda, magurudumu mawili na ulimi mdogo chini kama kijiko. Kreti inakaa hapo vizuri. Meza ya baba yako ukiiweka, inacheza huku na huku kama watoto kwa bembea. Ndiyo ilivunja dirisha la jirani, Baba Kevo. Na kosa ni langu, niliangalia bei na rangi, sikuangalia ulimi.

Tukaenda Kamukunji mimi na wewe. Pale kila fundi alisema kitu kimoja: tupanue. Mzigo mpana, troli pana. Tunaongeza chuma huku, tunaongeza huku. Nikawaambia, na geti langu? Mmoja akaniambia nibomoe ukuta. Nikamuuliza kama huo ukuta ni wa mama yake.

Njuguna hakusema kitu. Hicho ndicho kitu cha kwanza nilishuku. Fundi wa jua kali asiyesema kitu amejifunza wapi? Alikuwa amechuchumaa anakunja bati, akatusikiliza tukibishana na wote, halafu akauliza kama anaweza kuja kuona hiyo njia. Hakuna fundi mwingine aliuliza hivyo. Nikajiambia, huyu anataka kujua tunaishi wapi. Yohana pia alitaka kujua.

Akakuja na kamba. Hakuwa na ile futi ya kuvuta, ni kamba tu iko na mafundo. Akapima njia, akapima geti, akapima meza ikiwa imelala na ikiwa imesimama kwa ubavu. Watu wote wa court, majirani wa hizi nyumba, wanaangalia. Halafu akasema:

"Mama, hizi meza si pana. Ni nyinyi mnazibeba kwa upana."

Mimi niliona nimetukanwa. Lakini wewe ulicheka. Si ile kicheko yako ya simu. Nilisikia hiyo kicheko, nikageuka, nikakuangalia, na hiyo jioni nikachora alama ya pili kwa chupa ya mafuta.

Kazi yake siwezi kuisema vibaya. Akakata troli ya Muthurwa, akachukua vyuma vya kitanda chako cha deka, kile cha ghorofa, akatengeneza kitu kirefu na chembamba kama mtaro. Magurudumu mawili ya wilbaro katikati, kadogo kamoja mbele. Meza zinasimama kwa ubavu ndani ya huo mtaro, moja nyuma ya nyingine, kama vitabu. Pembeni kuna mkono wa chuma wa kuzizuia zisianguke. Huo mkono aliufunga na bolti na nati, ili usogezwe: meza nyingi, unausukuma nje; meza kidogo, unauleta ndani. Tukapita kwa njia hatukugusa hata shati. Baba Kevo alitoka akasimama mbele ya dirisha lake jipya na mikono kiunoni, akaona meza zote zinapita, akarudi ndani.

Kisha nati ikaanza kulegea.

Wiki ya kwanza nikasema ni mpya, inajizoesha. Wiki ya pili mkono ukaanguka upande, meza zikalalia ukuta, na wewe mbio kwa simu: Njuguna, imelegea tena. Njuguna huyo. Anakuja kutoka Kamukunji mpaka hapa kukaza nati moja. Anakataa malipo. Anakataa chai, kisha anakubali chai. Anakaza, anasukuma troli mpaka geti na kurudi, anakaa kwa kistuli na kuangalia gurudumu ambalo halina shida yoyote. Wiki inayofuata, nati imelegea.

Sasa wewe ungekuwa mimi ungefikiria nini? Nikajua huyu kijana anailegeza mwenyewe akiondoka. Anakaza mbele yangu, anafungua nikigeuka, ndio apate njia ya kurudi kwa nyumba yangu. Na mtu anayejitengenezea njia ya kurudi, kuna kitu anakuja kuchukua. Nikahesabu vitu vyangu. Meza, troli, sufuria kubwa. Wewe sikukuhesabu. Hapo ndipo nilikuwa mjinga.

Nikachukua rangi yako ya kucha, ile nyekundu. Ulisumbuka ukiitafuta, nikakuambia labda panya. Alipomaliza kukaza na kwenda kunawa mikono, nikachora laini ndogo kutoka kwa nati mpaka kwa chuma, vile nachora chupa ya mafuta. Nati ikizunguka, laini inakatika. Nikajua nitaikagua kabla hajaondoka, nimshike mkono ukiwa kwa spana.

Lakini aliondoka laini ikiwa nzima, kisha ikakatika na yeye hajakuja tena.

Hapo nikachanganyikiwa. Nikafikiria kuna mtu anamfanyia kazi hapa ndani. Nikashuku Baba Kevo kwa sababu ya dirisha. Nikashuku, pole, hata huyu anayeandika, nikakumbuka vile anamsalimia huyo kijana na lugha yao na wanachekelea. Wiki nzima sikumuazima kitu. Anasema alijua. Anasema alidhani nimekasirika kwa mambo ya maji ya bomba.

Akaja akakaza, nikachora tena. Nikatoa kiti hapo mlangoni mchana, nikafunga macho kama mzee aliyeshikwa na usingizi wa ugali. Watu walipita, wakasema shosho amelala. Mdomo nilifungua kidogo ili iwe kweli. Na wewe ukatoka na kikapu cha nguo. Ukaniangalia. Ukaenda kwa troli kama mtu anaenda kuanika, ukainama, ukatoa spana kutoka chini ya shuka.

Ukazungusha mara moja. Ukasikiliza. Ukazungusha tena. Kisha ukaanika nguo zako polepole huku ukiimba.

Nekesa, mimi sikufungua macho. Nilikaa hapo mpaka shingo ikauma. Nilikuwa nimefunga mafuta, sukari na meza, nimechora alama kila mahali, na mwizi alikuwa mtoto wangu mwenyewe, na kitu alikuwa anaiba ni yeye mwenyewe. Nilitaka kuinuka nikuchape na hiyo spana. Nilitaka pia kucheka. Sikufanya lolote kati ya hayo mawili. Ulipoingia ukaniuliza kama nimeamka, nikakuuliza leo ni siku gani.

Ukapiga simu jioni: imelegea tena. Akaja. Nikakutuma dukani ununue kiberiti, na kiberiti kilikuwa ndani. Nikasimama mbele yake.

"Njuguna, hii nati inalegea yenyewe?"

Yohana angesema barabara ni mbaya, shangazi. Angesema vyuma vya siku hizi si kama vya zamani. Nilikuwa nimeshajiandaa kusikia hivyo, ndio nimfukuze nikiwa na sababu.

"Hapana, mama," akasema.

"Unajua ni nani?"

Akaangalia gurudumu. "Najua."

"Na unakuja tu."

"Nikiitwa nakuja, mama."

Hakukutaja. Angeweza kujiokoa kwa kusema ni wewe, na ilikuwa ni wewe. Alikaza nati, akafuta mikono, akangoja nimfukuze. Mimi nikaingia ndani kuangalia maziwa.

Usidhani hapo niliisha kushuku. Nilienda Kamukunji peke yangu, nimejifunga leso mpaka kwa pua, nikasimama kwa banda la jirani yake nikijifanya nataka jiko. Nikauliza, huyo kijana wa hapo ni mtu wa aina gani? Fundi akasema, huyo? Huyo hata mteja akimtukana anauliza tu ni chuma gani. Nikaangalia kama kuna msichana anamletea chakula. Aliyemletea ni mama mzee anayeuza githeri, na kijana alimlipa kabla ya kula. Nikarudi na jiko ambalo sikuwa nahitaji. Ndilo hilo unauliza kila siku mbona tuko na mawili.

Kisha wazee wake wakaja, unajua wewe mwenyewe. Waliongea vizuri. Waliongea vizuri sana. Kila neno walilosema nililigeuza nikaangalia chini, kama zile meza za matanga. Mjomba wake alipouliza mimi ni wa wapi, nikamwambia mimi ni wa Umoja. Sikutaka tena mtu anitafutie ukoo wangu aingilie hapo.

Sasa nimefika kwa juzi. Wewe ulikuwa kanisani kuagana na wenzako. Njuguna akaja, na hakuna mtu alikuwa amempigia simu. Akaniambia, mama, kabla hatujaenda wacha nipeleke troli nikachomelee huo mkono. Utakuwa unasukuma na Mama Shiru, na nyinyi si vijana. Ikikaa na nati, siku moja itawaangukia.

Nikasema, sasa ndio huyu. Amepata alichokuwa anataka, anafunga mlango. Akichomelea hiyo nati hakuna simu tena, hakuna imelegea, na Nakuru si hapa Kamukunji. Nikamuangalia mikono. Nikamuuliza waziwazi, sikuzunguka:

"Na ukishachomelea, utakuja hapa kufanya nini?"

Akafikiria. Huyo mtoto wa watu anafikiria mpaka unaona.

"Kukusalimia, mama."

Basi hivyo tu. Hakutabasamu, hakuniita shangazi, hakusema mtoto wako ni mtoto wangu, hayo maneno ya asali. Alisema vile mtu anasema jua litatoka. Na nikaona, Nekesa, kwamba tangu yule Yohana nimekuwa nikiangalia nani anaingia kwangu anataka kuchukua nini, na sijawahi kukaa nikajiuliza nani angekuja kama hakuna cha kuchukua.

Nikamwambia sawa, achomelee. Akaibeba troli jana, ameirudisha leo asubuhi ukiwa umelala. Imeshikana kabisa. Alichomelea mahali pa meza kidogo, kwa sababu alisema sasa nisibebe nyingi. Hata hilo hakuniuliza, aliamua tu, na nilikasirika kidogo, halafu nikapenda.

Sasa jibu lako. Ndiyo. Nimekubali kwa roho. Mama Shiru, andika hiyo neno kubwa. Amesema ameandika, nami nimemfanya anionyeshe ni ipi.

Lakini usifikiri nimebadilika. Sijui huyo kijana atakuwa nani mkikaa miaka. Yeye pia hajui. Watu wananyamaza kwa sababu nyingi, wengine kwa adabu, wengine wanaficha. Mtu akinyamaza, muulize. Mimi nilipoteza meza kwa sababu sikuuliza aliyekuwa anaongea sana, na nilikaribia kukupoteza kwa sababu sikutaka kumuuliza aliyekuwa anaongea kidogo. Na wewe pia, kama unataka mtu aje, mwite. Usimfungulie nati. Siku moja hizo meza zingemwangukia mtoto wa mtu, na hayo mapenzi yenu tungeyaeleza vipi kwa mama yake?

Kesho sitafika stendi. Nitakuaga hapa ndani, kisha nitakaa, kwa sababu nikikusindikiza mpaka barabarani nitaanza kumkagua dereva.

Na ukifika, usinipigie simu kuniambia uko sawa. Kila mtu kwa simu yuko sawa. Nitakuja mwenyewe, na sitasema siku. Nitagonga mlango mkiwa hamjajipanga, niangalie uso wako kabla hujautengeneza. Nikikuta unacheka vile ulicheka siku ile ya kamba, nitakula chakula chenu, nitalala, nirudi kwangu. Nikikuta hucheki, sitauliza kitu mbele yake. Nitakwambia tu, Nekesa, vaa viatu twende.

Ni mimi mama yako, na mkono wa Mama Shiru, ambaye amelia tangu pale Njuguna aliposema atakuja kunisalimia, na anasema ni moshi wa jiko. Majiko yote mawili yamezimwa.